Zamu ya Kukamua

Siku tuliyompitisha ng'ombe katikati ya mji wa Moshi, watu walitoka madukani kututazama kama vile tumebeba kombe la mpira. Mbele walitangulia wanachuo wawili, kijana mrefu mwenye miwani na dada aliyefunga kilemba chekundu, wakipunga mikono kuwaomba wenye baiskeli wasogee. Nyuma yao nilikuwa mimi na kamba mkononi, ng'ombe wa madoadoa meusi akinifuata, na ndama wake akirukaruka kila aliposikia honi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikuwahi kutazamwa na watu wengi namna ile, na nilijikuta natembea kwa maringo ambayo sikujua kama ninayo.

"Anauzwa huyo?" fundi baiskeli mmoja aliuliza.

"Hauzwi!" dada wa chuo alijibu kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Ni ng'ombe wa akina mama!"

"Akina mama gani?"

"Wa Mabogini. Wakimbizi."

"Basi msimchoshe," fundi alisema. "Mtu hampelekei mgeni zawadi yenye kiu." Akaweka koleo chini, akaenda mwenyewe kuleta ndoo ya maji.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, ya majembe na nyimbo za siasa redioni. Kaya tisa za wanawake kutoka Burundi zilikuwa zimeletwa tambarare chini ya mji, kwenye mashamba ya mpunga. Walitoka kwenye makazi ya wakimbizi kule magharibi ya nchi, wakachaguliwa kwa sababu hawakuwa na wanaume. Wengine walikuwa na watoto, wengine wajukuu tu. Wale wanachuo walikuja likizo ndefu kuwasaidia kujenga vyoo na kufundisha kisomo. Wiki ya kwanza waliwauliza akina mama wanahitaji nini zaidi, wakitegemea kusikia madaftari au sabuni. Akina mama walijibu kwa pamoja: ng'ombe.

Kijana mwenye miwani alipanda mlimani Kibosho kwa miguu mara tatu, kwenye barabara ile ya mawe, kuomba ng'ombe katika shamba la wamisionari. Mara mbili alirudishwa. Mara ya tatu alikubaliwa, lakini kwa sharti. Ng'ombe angekwenda kwa majaribio ya siku saba. Siku ya saba bwana mifugo angefika, na akikuta akina mama wanakamua wenyewe, ng'ombe angebaki. Asipowakuta, ng'ombe angerudi mlimani siku hiyo hiyo.

Mimi niliingia humo kwa sababu ya majani. Kila asubuhi nilikuwa napeleka mzigo wa majani katika shamba lile. Shule niliiacha darasa la tano, mwaka waliokufa wazazi wetu, mama akitangulia na baba akimfuata kabla mahindi hayajakomaa. Nyuma yangu walikuwa wadogo watatu, na kihamba cha migomba na kahawa, na ng'ombe mmoja. Wanachuo walipouliza nani anaweza kumshusha ng'ombe mpaka Mabogini na kukaa naye wiki nzima akiwafundisha akina mama, nyampara wa shamba aliniangalia akacheka. "Huyu binti akishika kamba, ng'ombe anamfuata hata kanisani."

Mdogo wangu anayenifuata alikwisha jua kukamua na kupika, kwa hiyo nilimwachia nyumba. Nilikuwa sijawahi kulala nje ya kwetu kabla ya hapo. Nilifunga khanga mbili kwenye furushi na nilikuwa tayari kabla jogoo hajawika.

Tulipofika, akina mama walikuwa wamejipanga mstari barabarani. Mmoja alipiga kelele, "Inka!" yaani ng'ombe kwa lugha yao, na mstari ukavunjika. Walimzunguka. Walimpapasa shingo, wakampangusa vumbi kwa khanga zao, wakamsifu mmoja baada ya mwingine, wakinyanyua mikono juu kama pembe na kukanyaga ardhi kwa visigino mpaka vumbi likatufika usoni. Sikuelewa neno hata moja, lakini sisi watu wa migomba tunamjua mtu anayependa ng'ombe. Kijana wa chuo alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Haya, akina mama," alisema, "nani anaanza kukamua?"

Ngoma ilikoma. Mmoja alikumbuka moto wake jikoni. Mwingine alikumbuka ndege kwenye mpunga. Baada ya muda mfupi tulibaki sisi watatu, ng'ombe, na bibi mmoja aliyembeba mjukuu mgongoni.

"Wanaona haya," kijana alininong'oneza. "Waoneshe wewe."

Nikachutama, nikamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha nikaanza. Nyuma yangu nikasikia minong'ono. Nilipogeuka, wote walikuwa wamerudi, wamesimama mbali, wengi wameziba midomo. Wawili walikuwa wamenipa mgongo kabisa. Hakuna aliyekuja karibu kujifunza.

Ila bibi alikuja. Alinyosha kibuyu bila kunitazama usoni, nikammiminia. Akachemsha, akapooza, akamshusha mjukuu mgongoni. Alikuwa mtoto wa kike wa miezi minne. Mama yake alifariki baada ya kumzaa, kule kule makazini, na tangu hapo alikuwa akinyweshwa uji mwepesi wa mchele. Vimikono vyake vilikuwa kama vijiti. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa wa umri huo mama alipotuacha, na maziwa ya ng'ombe wetu ndiyo yaliyomkuza. Nilipomwona yule mtoto akimeza, akikohoa, akimeza tena, huku kijiji kizima kimeinama kumtazama, nilijua sitaki kurudi mlimani na yule ng'ombe.

Kesho yake asubuhi hakuna aliyekuja kukamua, nikakamua mimi tena.

Kijana wa chuo hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alichukua chaki akaandika zamu kwenye ubao wa darasa la kisomo, majina ya akina mama wote, na siku ya kila mmoja. Asubuhi iliyofuata ubao ulikuwa mtupu.

"Nani amefuta?" aliuliza darasani.

"Labda mvua," alijibu mama mmoja mnene, mcheshi wao, aliyejua Kiswahili kuliko wote.

"Mvua ndani ya darasa?"

"Mvua za huku hatujazizoea, mwalimu."

Darasa lilicheka mpaka naye akacheka. Akaandika upya. Asubuhi ubao ulikuwa umefutwa tena, safari hii kwa kitambaa kibichi, vizuri, mpaka pembeni.

Hapo mama mmoja alisema kwao mwanamke hakamui, na dada wa kilemba chekundu akakasirika. Alisimama mbele yao akahutubia. "Mwanamke hakamui, mwanamke hakamui! Nani kasema? Huu ni ukabaila, ndugu zangu. Mtu amewawekea ng'ombe mbele, mtoto ana njaa, na nyinyi mnamsubiri bwana aje akae kwenye kigoda! Mwangalieni huyu dada wa Kibosho. Si mwanamke?"

Walinitazama. Nilitamani kuingia chini ya dawati. Alipomaliza walimpigia makofi kwa adabu kubwa, wakatoka, na hakuna aliyekamua.

Kwa hiyo kijana aliamua kujifunza yeye. Nakwambia, habari ile ilienea shambani kabla hajakunja suruali. Akina mama waliacha mpunga wakaja. Walimletea kigoda. Walimtandikia gunia chini ya miguu. Mara ya kwanza alivuta chuchu kama anayeng'oa karoti, ng'ombe akampiga teke, miwani ikarukia kwenye samadi. Vigelegele vilipigwa kana kwamba amefanya jambo la kishujaa.

"Usivute, kaka," nilimwambia. "Bana juu, halafu funga vidole kimoja kimoja kushuka chini."

"Nimebana."

"Umebana kalamu. Huyu si kalamu."

"Mwalimu, jikaze!" mama mcheshi alipaza sauti. "Hata mume wangu alianza hivyo hivyo!"

Jioni ya siku ya nne alijaza nusu ndoo. Mikono ilimvimba hata kijiko akawa anakishika kwa shida, lakini uso wake ulikuwa unang'aa. Mjukuu wa bibi alikuwa anakunywa mara tatu kwa siku, na alikuwa ameanza kulia kwa sauti, jambo ambalo bibi alilitangaza nyumba hadi nyumba.

"Tatizo limekwisha," kijana aliniambia.

"Chuo kinafunguliwa lini?"

"Wiki mbili zijazo."

"Basi halijakwisha," nilisema. "Na bwana mifugo anakuja baada ya siku tatu kuwaangalia wao, hakuangalii wewe."

Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Siku ya tano mchana nilikuwa na bibi kwenye jaruba lake la mpunga, tukifukuza ndege. Mtoto alikuwa amelala kwenye kivuli cha turubai. Tulipiga debe, tukanyamaza, tukapiga tena. Kisha bibi akaniuliza jambo ambalo nadhani alilibeba tangu siku ya kwanza.

"Binti yangu, kwenu hakuna mwanaume?"

"Baba alifariki, bibi. Nina wadogo wa kiume, lakini wanasoma."

"Kwa hiyo unakamua wewe."

"Kwetu wanawake wanakamua hata kama wanaume wapo. Sisi ndio tunaokata majani, sisi ndio tunaokamua. Si jambo."

Alishangaa kweli. Akarudia maneno yangu polepole kana kwamba ameambiwa kuna nchi watu wanatembea kwa mikono. Halafu akaniambia kwao ilivyo. Mwanamke anaosha vyombo vya maziwa, anasuka chujio, anatia moshi kwenye vibuyu vinukie, anapika samli, lakini chini ya ng'ombe anakaa mwanaume. Siyo kwamba Mungu atakasirika, alisema. Ila mpita njia akimwona mwanamke anakamua, anajua nyumba ile wanaume wameisha.

"Mwanangu wa kiume sikumwona akifa," bibi alisema. "Tulikimbia jioni moja, yeye njia hii, sisi njia ile. Wenzangu pia, wengi wao ni hivyo. Nikikaa chini ya ng'ombe yule, nimesema mwenyewe kwamba hayupo. Na ule ubao ulikuwa unasema hivyo kwa wote."

Nilikaa na lile debe mapajani. Nilimkumbuka baba, na siku ya kusafisha mfereji.

Kwetu Kibosho, maji ya mfereji yana wenyewe. Siku ya kuusafisha, kila nyumba inatoa mwanaume mmoja, na nyumba isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji. Wanawake hawakuwa wanakwenda kabisa. Mwaka ule baba alipofariki, migomba yetu ilikuwa inakauka, kwa hiyo nilichukua jembe lake nikaenda. Mzee wa mfereji alikuwa anaita majina ya wenye nyumba mmoja mmoja. Alipofika kwenye jina la baba alisita, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amebeba jeneza la baba. Nikasema, "Yupo. Amenituma mimi." Wanaume waligeuka wakanitazama. Mmoja aliguna. Mzee akaendelea na jina linalofuata. Nililima matope siku nzima, na maji tulipata, na mpaka nilipokuwa namsimulia bibi yule, jina lililokuwa likiitwa pale mferejini lilikuwa bado la baba.

Ndege walitua wengi kwenye mpunga na hakuna kati yetu aliyepiga debe.

"Jina lake liliitwa," alisema mwishowe.

"Linaitwa mpaka leo."

Akainuka, akamchukua mtoto. "Twende kwa yule mwalimu wa chaki."

Nilitangulia mbio. Niliruka kingo za majaruba na viatu mkononi. Wanachuo niliwakuta wamekaa kwenye ngazi ya darasa, wamenuna, wakiandika barua ya kuomba muda uongezwe. Niliwaeleza huku natweta, nikichanganya mambo ya bibi na ya mfereji, na kijana hakuelewa kitu. Dada wa kilemba ndiye aliyeelewa. Aliweka mkono mdomoni.

"Na mimi niliwapigia kelele za ukabaila," alisema.

"Walikupigia makofi," nilimwambia.

"Usinikumbushe, dada. Lete chaki."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mashamba ya miwa kule magharibi, akina mama waliitwa darasani, na dada aliwauliza kila mmoja swali moja tu: kwenye nyumba yako, nani angekamua? Nilitegemea kilio. Kilichotokea ni ghasia. Walianza kutaja majina wote kwa pamoja, wakisahihishana, wakigombana nani aandikwe kwanza.

"Mwandike mume wangu siku ya soko, alipenda kutembea!"

"Ongeza jina la baba yake, kijijini kwetu walikuwa wawili wenye jina hilo, na huyo mwingine alikuwa mwizi!"

"Wangu usimwandike asubuhi. Hajawahi kuamka mapema tangu nimjue."

Mama mcheshi alitaja la mumewe, kisha akaomba lisomwe kwa sauti, kisha akaomba lisomwe tena. Majina ya wanaume tisa yalijaa ubaoni, kwa mwandiko mzuri wa dada. Asubuhi ya siku ya sita nilikwenda kuchungulia kabla ya kunawa uso. Hakuna aliyeyafuta.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mume wa mama mcheshi. Mama mwenyewe alikuja amejifunga khanga kiunoni, akatutazama wote tuliojipanga. "Leo anakamua baba watoto," alisema. "Mkono wake mzito, mnaujua. Atakayecheka, maziwa hapati." Akakaa. Alikuwa amewatazama wanaume wakikamua maisha yake yote, na vidole vyake vilijua zaidi kuliko vya kijana wetu. Maziwa yaliita kwenye ndoo. Jioni alikamua mwenzake, na siku ya sita ikaisha hivyo, nami nikawa na hamu ya kesho kama mtoto anayesubiri Krismasi.

Bwana mifugo alifika siku ya saba asubuhi kwa pikipiki, mtu mfupi, mkali, na daftari mfukoni. Tulimwamkia wote kwa pamoja, shikamoo yetu ikasikika hadi barabarani. Aliangalia banda, akaangalia kwato, akaingia darasani kusoma zamu. Alikaa humo muda. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Niliambiwa hapa hakuna wanaume," alisema. "Kumbe wapo tisa! Ng'ombe huyu ametolewa kwa ajili ya akina mama. Mmenidanganya, wanachuo?"

Kijana alifungua mdomo, dada akamkanyaga mguu.

"Leo ni zamu ya nani?" bwana mifugo aliuliza.

"Ya mwanangu," bibi alijibu.

"Aje basi, nimwone."

"Hajafika bado. Namshikia nafasi." Bibi alimfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi, akachukua ndoo.

Alimwachia ndama, akamtoa, akabana. Hakikutoka kitu. Akabana tena. Ng'ombe aligeuza kichwa kumtazama, akainua mguu, akaukanyaga chini kwa hasira. Nilipiga hatua mbele.

"Wewe wa mlimani," bwana mifugo alisema bila kunitazama, "baki hapo hapo."

Nikabaki. Mtoto alianza kuhangaika mikononi mwangu, akitafuta kifua changu kwa mdomo. Bibi aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Akaanza kumsemesha kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, maneno marefu yanayofuatana kama mtu anayetembea, na nikalisikia humo jina nililoliona ubaoni. Ng'ombe alishusha mguu. Akatoa pumzi. Na nikasikia ule mlio mwembamba wa maziwa ya kwanza yakigonga chini ya ndoo, na wa pili, halafu ukawa mfululizo.

Hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele mpaka alipomaliza. Bwana mifugo alipapasa kiwele, akakuta kimekauka vizuri. Alisimama akamtazama bibi, akautazama mlango wa darasa kwa muda, akatoa daftari.

"Hao wanaume tisa," aliuliza taratibu, "wote hawajafika?"

"Wote," mama mcheshi alisema.

Aliandika. Sisi wote tulikuwa tunatazama ile kalamu. "Abaki," alisema. "Ila paa la banda linavuja, mlirekebishe kabla ya masika."

Maneno ya paa hayakusikika. Akina mama walikuwa wamekwisha ruka. Dada wa kilemba alimkumbatia kijana, kisha akamsukuma kama aliyeungua. Mtu alinivuta nicheze, nami nikacheza na mtoto begani, nikinyanyua mkono mmoja kama pembe, vibaya kabisa, wakinicheka.

Bibi peke yake hakucheza. Alipita katikati yetu na ndoo yake, akaenda kwenye moto, akachemsha, akapooza, akanyosha mikono nimpe mjukuu. Tulimfuata wote, hata bwana mifugo, daftari bado limefunguka. Mtoto aliwekewa kikombe mdomoni, akanywa bila kupumua, maziwa yakimtiririka shingoni.

"Anakunywa kama ndama," bwana mifugo alisema.

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Na hilo pia liandike," akamwambia.